Walioitika Jina la Simeoni

Jumamosi saa nne asubuhi dobi wa hospitali alikuwa wa saba kwenye foleni ya turubai la bluu la kuulizia jamaa waliopotea, picha ya mwanawe mkononi. Jengo la ghorofa tano lenye kiwanda cha nguo lilikuwa limeporomoka Jumanne, mafundi ndiyo kwanza wanarudi kutoka chakula cha mchana. Vumbi lilikuwa limetua kila mahali: juu ya stepla ya afisa, kwenye mihuri, hata kwenye nyusi zake.

"Jina?"

"Simeoni. Mpiga pasi, ghorofa ya tatu."

Afisa akapitisha kidole kwenye orodha. Orodha hiyo aliileta mwenye jengo mwenyewe Jumatano, akiwa na shati safi.

"Ghorofa ya tatu hapakuwa na mtu, mama. Walikuwa likizo."

"Likizo gani? Asubuhi ile nilimfungia chakula kwa mikono yangu."

"Mimi nafuata orodha. Anayefuata!"

Jina hilo dobi hakuliokota njiani. Mimba ikiwa ya miezi mitatu, mumewe alihamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa pili, na kila walipopishana aligeuza uso kama mtu anayepita jalalani. Mwalimu wa dini ndiye aliyemweleza kwamba Simeoni ni jina la Kiebrania, na maana yake ni kusikia. Wa kwanza kuitwa hivyo alizaliwa na Lea, mke asiyependwa, aliyesema Mungu amesikia kwamba hapendwi. Karne nyingi baadaye akaja Simeoni mzee, ambaye aliambiwa hatakufa mpaka amwone mtoto aliyeahidiwa. Kisha Simoni wa Kirene, jina ni lilelile, mpita njia wa watu, aliyekamatwa na askari akatwishwa msalaba usio wake.

"Mmoja alisikiwa, mmoja alisubiri, mmoja alibebeshwa," mwalimu alisema. "Sijui wako atafuata yupi."

Dobi alicheka siku ile. Alisema yeye anataka wa kusikia tu, asikie akitumwa dukani.

Sasa aliinama akapita chini ya kamba ya askari, akapanda juu ya zege lililolala, akaita.

"Simeoni!"

Chini kimya. Ila kutoka ng'ambo ya barabara mtu aliitika, "Naam!" Alikuwa kinyozi, mashine ingali mkononi, mteja kamwacha na nusu ya kichwa. Naye aliitwa Simeoni. Dobi akaita tena, wakaja mpiga rangi mmoja na dereva wa lori la maji, nao akina Simeoni. Alipoita mara ya tatu waliitika akina Simeoni wa makaburini. Walifika kabla ya adhuhuri wakikung'uta udongo. Waliozikwa na suti walivua makoti, wakayakunja vizuri juu ya ukuta. Askari wa kamba aliwaandikisha wote kwenye daftari la wageni. Baadhi walikuwa wa zamani mno, wakaandika kwa herufi asizozijua, akawaomba waweke dole gumba tu.

Wakalala kifudifudi, sikio moja kwenye zege.

"Mama, wako kumi na mmoja," kinyozi alisema. "Wanagonga bomba."

"Na wangu?"

"Yupo. Mguu umebanwa. Anasema usilie kwa sauti, anakusikia."

Dobi akajiziba mdomo kwa kilemba chake. Kinyozi akamtajia majina yote, naye dobi akayaandika nyuma ya picha, akarudi mbio turubaini. Afisa aliyasoma mpaka mwisho.

"Fomu hii ni ya walioonekana," alisema. "Ya waliosikika hatujaletewa."

Basi akina Simeoni wakachimba kwa mikono siku mbili mfululizo, walio hai na waliokufa, wakipokezana mawe. Walikuwa wamefika kama nusu ya kina hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi yakaja matingatinga mawili, maana mwenye jengo alitaka kiwanja chake kisafishwe. Askari akawaambia wachimbaji wasogee, wakasogea. Hata marehemu walisogea, kwani maisha yao yote hawakuwahi kubishana na askari.

Saa tano kinyozi aliinua sikio kutoka ardhini, akalifuta. Bomba halikugongwa tena. Dobi hakumuuliza. Aliita tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu chumba cha pili.

"Naam, mama."

Mwanawe alitokea nyuma ya tingatinga, mweupe kwa vumbi, akitembea vizuri kwa miguu yote miwili. Walio hai walikuwa wamesimama kushoto na wa makaburini kulia. Akaenda kulia.

Dobi aliona alipokwenda. Akamfuata, akampangusa mabega.

"Wenzako je?"

"Tupo pamoja kule. Wanangoja kuitwa."

Alimshika mkono, baridi kama shuka lililotoka majini, akampeleka hadi mezani. "Huyu hapa. Mwandike. Amekufa chini ya jengo."

Afisa alimshika kijana kifundo cha mkono, akakiachia, akajifuta kiganja kwenye suruali.

"Mama, huyu amekuja kwa miguu yake."

"Mshike tena!"

"Nimemshika. Fomu inauliza kama ameonekana. Ameonekana." Akagonga muhuri.

Mwenye jengo, aliyeketi kiti cha pembeni, alimshukuru Mungu kwa sauti. "Si niliwaambia? Walikuwa likizo."

Mama mmoja aliyesimama nyuma aliomba kuiona picha. Aliigeuza, akapitia majina moja moja hadi akalikuta la binti yake. Akaliwekea kidole.

"Nikimwita atakuja?"

"Atakuja," dobi alisema.

"Na wataniandikia nini?"

"Kama walivyoniandikia mimi. Ameonekana."

Yule mama alimtazama kijana, vumbi kwenye kope zake, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake. Kisha akajitoa kwenye foleni, akavuka kamba, akaanza kuita. Afisa akachomoa fomu nyingine.