Kopo Halikujaa

Mwalimu mpya alikuwa kama aliyekalia siafu. Alipanga vyombo, akavipangua. Akafuta meza aliyokwisha kuifuta. Leo Mkuu wa shule angeketi nyuma ya darasa lake la chekechea, na akitoka hapo angeamua: binti abaki, au afungashe virago. Mwalimu aliyemtangulia aliponzwa na kelele za watoto. Na yeye, katika masomo yote, kachagua maji!

Mkuu aliingia, mama wa makamo, sketi imepigwa pasi ikapigika. Akajibana kwenye kiti cha mtoto.

Mwalimu akainua kopo la maji. "Haya, wanangu. Kopo limejaa pomoni?"

"Ndiyooo!"

Akayamimina maji yote kwenye chupa nyembamba, yakapanda mpaka shingoni.

"Yalikuwa mengi wapi? Koponi au chupani?"

"Chupani! Hapa yamesimama," akasema Kasuku, msichana asiyefunga mdomo hata usingizini. "Koponi yalikuwa yamelala."

Mwalimu aliuma mdomo asicheke. Akaipitisha chupa mkono kwa mkono, kwani aliamini mtoto asichokishika hakimkai kichwani. Kosa! Mvulana waliyemwita Bonge akaitikisa, jirani yake akampokonya, maji yakaruka mpaka nyuma ya darasa. Vifijo. Mkuu akatazama saa.

Mwalimu akaikwapua chupa. "Sasa tunayarudisha. Mtaona, kopo litajaa vilevile."

Akamimina hadi tone la mwisho. Kopo halikujaa.

"Yamepungua!"

"Mwalimu muongo!"

Jasho likamtoka. Jagi lilikuwa chini ya meza, lina maji. Kugeuka kidogo tu, kuongeza kidogo tu, na somo lingekwenda kama lilivyopangwa. Mkono ukaligusa jagi. Lakini macho ya watoto yalikuwa yameganda koponi, yanangoja kuambiwa ukweli. Akaurudisha mkono.

"Kweli, yamepungua. Mengine yako wapi?"

"Si wewe ndiye mwalimu?" Kasuku akamkazia macho.

"Sijui. Tuyatafute."

Darasa likalipuka. Wakatambaa chini ya meza, wakapapasa sakafu. Bonge akavua shati, akalikamua koponi: matone matatu yenye rangi ya vumbi. Ndipo mdogo wao kuliko wote, waliyemwita Bubu kwa ukimya wake, akanyoosha kidole.

"Mengine nimeyanywa. Nilikuwa na kiu."

"Tumkamue!" Bonge akashauri. Bubu akalikumbatia tumbo lake kwa mikono miwili.

"Hakamuliwi mtu hapa!" Mwalimu akapaza sauti, kisha akageuka. Kasuku alikuwa amepiga magoti mbele ya Mkuu, pindo la sketi mkononi.

"Mengine haya hapa kwa bibi!"

Mkuu akalitazama pindo lililolowa, akamtazama mtoto. "Utayamwaga, we mtoto. Lete kopo kwanza."

Wakakamua wote wawili. Wakachungulia.

"Bado," akasema Kasuku.

"Bado," Mkuu akakubali. Akainuka, akaelekea mlangoni. Mwalimu akamfuata, kopo mkononi.

"Binti, darasa lako lina kelele za sokoni."

"Najua, Mkuu."

"Jumatatu nakuja tena. Nitavaa kandambili."

Akaenda zake. Hakusema abaki, hakusema aondoke. Mwalimu alikuwa bado anayapima maneno hayo, lipi zito na lipi jepesi, Bonge alipopiga ukelele kutoka ndani:

"Mwalimu! Njoo na kopo! Bubu anataka kuyarudisha!"

Mwalimu akarudi ndani mbio.