Siku Mkemia Alipopunguza Dawa

Mvua ya wiki ile ilinyesha huko juu milimani mpaka mto ukashuka na nusu ya mlima. Maji yaliyoingia kwenye mtambo wa kusafishia yalikuwa mazito, mekundu, ungedhani mtu amekoroga matofali. Lakini tope peke yake halimtishi mtu wa maji. Unatia dawa, chembe za udongo zinashikana, zinakuwa mabonge, mabonge yanazama chini ya bwawa la kutuamisha, na maji yanayobaki juu yanakwenda kwenye machujio. Safari hii mabonge hayakutokea. Maji yalivuka bwawa zima na ukungu wake, machujio yakaelemewa, na mjini mabomba yakaanza kutoa uchafu.

Simu ya kwanza ilitoka kwa mama mkwe wa Mkemia.

"Mwanangu, mashuka yangu yametoka rangi ya chai," alisema. "Na huyo mzee ukimwona huko kazini mwambie leo atayalalia hivyo hivyo."

Huyo mzee alikuwa mume wa mama huyo, na ndiye mkuu wa mtambo. Wafanyakazi walimwita Mzee Shabu, kwa sababu maisha yake yote alisafisha maji kwa shabu, lile jiwe jeupe la kutuliza tope, na hajapata kushindwa. Kanuni yake ilikuwa moja tu: maji yakichafuka, ongeza dawa; yakichafuka zaidi, ongeza zaidi. Na kwa shabu ilikuwa kweli, maana shabu ikizidi hufanya ute mzito unaoshuka ukizoa kila kilichomo njiani. Lakini mwaka ule makao makuu yalikuwa yameleta polima, dawa inayovutika kama asali, na polima ina tabia zake.

Mkemia alikuwa mkuu wa maabara, na pia mke wa mwana wa mzee. Alianza kazi pale kabla hajaolewa. Mzee ndiye aliyemwajiri, na waliosema kwamba ndiye pia aliyemtafutia mwanawe mke hawakuwa mbali na ukweli. Nyumbani alimwita baba na kumpokea mzigo mlangoni. Kazini alimwita mkuu. Mpaka wiki ile, baba na mkuu hawakuwa wamewahi kugombana kifuani mwake.

Asubuhi hiyo alichota maji bwawani, akayatia katika kijichupa chenye nyaya za umeme, akakiingiza kwenye mashine. Mashine ile hupiga mwale wa leza ndani ya maji. Chembe huutawanya ule mwanga, na umeme ukiwashwa chembe hukimbilia upande mmoja. Kwa kuuangalia mwanga unavyotawanyika, mashine inajua zinakimbilia wapi na kwa kasi gani. Hapo ndipo inapopatikana potenshali ya zeta, yaani chaji ambayo kila chembe imeivaa. Pale kazini waliigeuza jina la mtu, na salamu ya asubuhi maabarani ilikuwa, "Zeta kaamkaje?"

Udongo wa mto huvaa chaji hasi. Chembe zote zikiwa hasi zinasukumana kama wake wenza kwenye jiko moja, haziwezi kukaribiana, ndiyo maana zinaelea badala ya kuzama. Polima ina chaji chanya. Ikiingia kwa kiasi, inaupoza ugomvi na chembe zinashikana. Ikizidi, inazivika zote chanya, na kusukumana kunaanza upya kana kwamba hakuna dawa iliyotiwa.

Zeta ikasoma chanya. Wala si chanya ya kubahatisha. Mkemia akasafisha kijichupa, akapima tena, akapata jibu lile lile. Akakaa kwenye kiti chake kirefu akiitazama ile alama ya kujumlisha. Mji mzima ulikuwa unalia kwamba dawa haitoshi, kumbe dawa ilikuwa imefurika.

Hakukurupuka. Alichukua maji mapya ya mto, akayagawa kwenye mabika, vile vikombe vya kioo vya maabara, kila moja na kiasi chake cha polima, akayakoroga na kuyaacha. Bika lenye dawa kidogo likaangua mabonge, juu yake maji yakang'aa. Lenye kipimo kilichokuwa kikitumika siku ile likabaki na ukungu. Akayabeba yote mawili mpaka ofisini kwa mzee.

Mzee ndiyo kwanza alikuwa ameweka simu chini. Alikuwa anaongea na redio ya mjini, akiwaahidi wananchi kwamba dawa imeshaongezwa na mchana itaongezwa tena.

"Mkuu, tumepitiliza," Mkemia alisema. "Tupunguze."

Mzee akayainua mabika dirishani, moja baada ya jingine. Hakuwa mjinga, aliona. Lakini neno lilikuwa limeshatoka hewani kwa sauti yake, na mtu mzima hali matapishi yake.

"Mji haunywi kutoka kwenye bika," akasema. "Mwambie fundi aongeze."

Mkemia alikwenda kwa fundi pampu, ila si kwa ujumbe huo. Alimwomba apunguze. Fundi akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono mgongoni. Akasema agizo analo na haligusi.

"Nyie mkikorofishana, jioni mtakula meza moja," akasema. "Mimi nitakula wapi?"

Mkemia hakumlaumu. Alimwambia akae kando, na akiulizwa aseme kweli kwamba ni mkono wa nani. Kisha akashika kitufe cha pampu ya dawa, akakizungusha mpaka kikafika kwenye kipimo cha bika lililong'aa. Mlio wa pampu ukabadilika, ukawa wa polepole, na mlio huo ndio uliomtoa mzee ofisini.

Alikuja na watu wa zamu nyuma yake. Akaangalia kitufe, akamwangalia mkwewe.

"Rudisha."

"Sirudishi, mkuu."

"Hilo ni agizo."

"Nimelisikia. Kama nimekosea, nifukuze leo, mbele ya hawa. Lakini nikiwa nimesimama hapa, hii pampu hairudi juu."

Akausogeza mgongo wake mpaka ukakifunika kitufe. Mzee asingeweza kumsukuma mke wa mwanawe, na Mkemia alilijua hilo, akalitumia bila aibu. Mzee alisimama akipumua kwa nguvu puani. Mwisho akasema maji yakiharibika asije kulitaja jina lake, akaondoka.

Mkemia akabaki pale. Maji hayana haraka. Toka dawa iingie mpaka bwawa liitikie, ni saa za kukaa roho mkononi. Aliwaza mji mzima, aliwaza hospitali, akajiuliza kama mashine inaweza kumdanganya mtu mara zote hizo. Hakuondoa mgongo.

Mchana fundi pampu alitokea kutoka bwawani, viatu vimelowa. Alisema maji yanakatika kama maziwa yaliyoganda, mabonge makubwa, yanashuka. Mkemia akaenda kupima. Zeta ilikuwa imeshuka karibu na sifuri. Jioni haijaingia, ukingo wa bwawa ulionekana mpaka chini.

Kesho yake mzee mwenyewe akapeleka taarifa makao makuu: mkuu wa maabara alikaidi agizo mbele ya wafanyakazi. Kikao kikaitwa. Usiku wa kuamkia kikao mume wa Mkemia alimbembeleza aombe radhi yaishe, kwani neno moja linampunguzia nini.

"Nikiomba radhi, nimekubali kwamba nilikosa," alimjibu. "Mvua ijayo wataongeza tena, na mimi nitakuwa sina mdomo."

Kwenye kikao wakubwa walisifu maji, kisha wakamtaka amwombe mzee msamaha, kwa heshima ya cheo na ya umri. Mkemia akasimama.

"Kama mkwe, nitapiga magoti nyumbani kwake leo hii, maana nilimjibu mbele ya watu. Kama mkuu wa maabara, siombi radhi. Ikitokea tena, nitafanya vile vile."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee aliitazama meza. Walipomuuliza kama ameridhika, akasema kupiga magoti kunatosha, na onyo libaki.

Kule nje mzee alimsubiri kwenye ngazi. "Ungenieleza nyumbani, mwanangu."

"Nyumbani hakuna pampu, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akatangulia. Lakini wiki iliyofuata aliwakusanya watu wa zamu akawatangazia kwamba kuanzia sasa kitufe cha dawa hakiguswi, kupanda wala kushuka, mpaka maabara ipime. Hakueleza amelipata wapi wazo hilo, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Onyo lilibaki kwenye faili la Mkemia. Mkaguzi mmoja, miezi baadaye, alimdokeza kwamba akitaka linaweza kufutwa. Akamwambia aliache. Limeandikwa kwamba alikataa agizo, na ni kweli alikataa.