Breki ya Mwalimu

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Breki aliwafundisha watu kuendesha gari, na kila asubuhi wimbo wake ulikuwa uleule: funga mkanda, upande mmoja upite begani, mwingine ukae chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Yeye mwenyewe kile kipande cha begani alikipitisha nyuma ya mgongo, eti kinamkunjia shati, na cha chini kikamkaa katikati ya tumbo. Nyani haoni kundule.

Jina la Breki alibandikwa na wanafunzi. Gari la kufundishia lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na huyu bwana akiogopa chochote, aliikanyaga. Aliogopa kuku. Aliogopa matuta. Siku moja aliogopa kivuli cha gari lake mwenyewe. Haya si masengenyo, anayasema mwenyewe siku hizi, huku amejishika tumbo kwa sababu akicheka sana bado linamvuta.

Siku ya ajali aliyeshika usukani alikuwa mkewe. Mama huyo alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha basi la shule ya chekechea, imebaki leseni tu, na mtihani ulikuwa wiki mbili mbele. Alikuwa anakwenda vizuri, taratibu, hana haraka na mtu. Ghafla kitu cha buluu kikaruka barabarani. Mwalimu akaona mtoto. Akakanyaga breki yake kwa nguvu zote alizojaliwa na Mungu. Gari likasimama papo hapo, pikapu iliyokuwa nyuma ikawavaa, na mkanda ukamzamia tumboni mpaka akaona nyota. Yule mtoto akapeperuka, akaenda kunasa kwenye uzio wa waya. Ulikuwa mfuko wa nailoni.

"Mbona mimi sikugusa breki?" mkewe aliuliza. "Mguu wangu sikuupeleka kule kabisa."

Hapo mtu mwenye haya angesema, mke wangu, ni mimi. Lakini watu walishajaa, na ubavuni mwa gari paliandikwa jina lake na maneno USALAMA KWANZA.

"Kila mwanafunzi husema hivyohivyo," akajibu, kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva wa pikapu.

Mkewe akaamini! Miaka ishirini na miwili ya ualimu, nani angebisha? Jioni ileile alimpigia simu mwalimu mkuu wa chekechea, akamwambia atafute dereva mwingine, maana mguu wake hauaminiki na wale ni watoto wa watu.

Mwalimu alibaki na mstari wa zambarau tumboni, na kando ya kitovu, upande wa kulia, uvimbe kama ndimu. Akikohoa unatoka, akilala chali unarudi. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto kila jioni. "Nisamehe, mume wangu. Nimekuumiza."

"Yamepita," Mwalimu anajibu, kwa ukarimu. Ule ukarimu wake, akiukumbuka leo, anatamani kujizaba kofi.

Wiki ya tatu, mstari ukiwa umefifia, alikwenda zahanati peke yake. Tabibu akamuuliza amepatwa na nini. Angetaja gari, angeulizwa ilikuwaje. Akasema alinyanyua saruji. Saruji! Mtu ambaye hata godoro hugeuziwa. Tabibu akaandika ngiri, akamwambia asibebe vitu vizito, na akijaliwa nafasi apange upasuaji.

Mwezi wa pili tangu ajali, saa nane mchana, uvimbe ukatoka na ukagoma kurudi. Akalala chali, wapi. Akausukuma, ng'o. Ukawa mgumu, ukawaka moto, akaanza kutapika. Nyumbani walikuwa wawili tu. Mkewe akachukua ufunguo, akamlaza kiti cha nyuma.

Nyuma hakuna pedali. Mguu wa kulia wa Mwalimu ulikanyaga hewa njia nzima. Akamsikia mkewe kule mbele akiusemesha mguu wake: "Tulia. Polepole. Usinifanyie tena kama siku ile." Walipita makutano mawili na mzunguko mmoja, na gari halikushtuka hata mara moja. Mwalimu akalia, na safari hii si kwa sababu ya tumbo.

Hospitalini, daktari mpasuaji alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Alipapasa uvimbe, akakunja uso. "Mzee, cheti kinasema ulinyanyua saruji. Ngiri za kunyanyua hupenda kutokea kwenye kinena au kitovuni. Hii imetoka kando, katikati ya msuli, na msuli kama huu haupasuki hivi hivi. Ulipigwa na nini?"

"Saruji," Mwalimu akasema.

"Sikiliza. Kama ulipigwa, huenda na ndani palichanika siku hiyo. Nikijua, nitakagua utumbo wote. Nisipojua, nitaziba tundu moja nikuachie jingine."

"Saruji gani tena?" mkewe akadakia. "Daktari, ni ajali ya gari. Ni mimi niliyemuumiza. Nilikanyaga breki vibaya."

Alikuwa amesimama wima, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri hukumu. Mwalimu hakuweza kuvumilia.

"Si yeye. Ni mimi niliyekanyaga, ile ya upande wangu. Niliogopa mfuko."

"Mfuko wa saruji?" daktari akauliza.

"Wa nailoni."

Muuguzi akageukia ukutani, mabega yanamtikisika. Picha ya tumbo ikapigwa haraka, akaingizwa chumba cha upasuaji. Msuli ulikuwa umechanika upana wa vidole vinne, na utumbo ulionasa kwenye mpasuko ulikuwa umekufa urefu wa shubiri. Wakaukata, wakaunga, wakakagua mwingine wote, wakaushona msuli tabaka kwa tabaka.

Siku ya tatu Mwalimu alikunywa uji mwepesi, akapata sauti. Mkewe alikuwa kamwogesha, kambadilishia shuka, yote kimya kimya.

"Si nilisema ukweli lakini?" Mwalimu akajaribu.

"Ulimwambia daktari kwa sababu ulidhani unakufa. Sasa hufi." Akatoa simu mkobani, akabonyeza, akamwekea sikioni. "Mwalimu mkuu huyo. Mweleze."

Kusema ukweli unapokata roho si kazi. Kazi ni kuusema umeshiba uji. Akajieleza, kwa kifupi, kwa sauti ndogo. Upande wa pili kikapasuka kicheko.

"Ngoja niweke spika, walimu wenzangu wako hapa, hawataniamini. Haya, rudia. Huo mfuko ulikuwa wa rangi gani?"

Nyuzi zikamvuta. Akamtazama mkewe, akitumaini naye angalau anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kainamisha kichwa, anautazama mguu wake wa kulia.

"Buluu," Mwalimu akasema, sasa kwa sauti ileile ya barabarani, wodi nzima ikageuka. "Na mama hakugusa breki."