Ukishameza, Sema

Kwenye dirisha langu la dawa kuna sheria moja: ukishameza, sema. Methadoni inanywewa mbele yangu, na aliyeificha mdomoni hawezi kuongea. Wagonjwa wangu wanaacha heroini, hawajaniibia kitu, kwa hiyo simkodolei mtu macho. Namuuliza tu habari za nyumbani.

Leo mgonjwa wangu mmoja, Seremala, alikunywa, akarudisha kikombe, akageuka aondoke.

"Wee Seremala! Mama hajambo?"

Akaitikia kwa kichwa, midomo kaibana.

Muuguzi mwenzangu, aliyeanza kazi juzi, akanyanyua simu. "Dada, namwita mlinzi. Huyu anakwenda kuitema aiuze."

"Weka simu chini. Hapa hatumfukuzi mgonjwa kwa kuwa mgonjwa."

Nikatoka, nikamshikisha Seremala glasi ya maji. "Meza, kisha uniambie unampelekea nani. Mimi nipo hapa mpaka jioni."

Machozi yakamlengalenga. Akameza. "Mdogo wangu, dada. Yuko getini, arosto ya kukosa heroini imemkamata, anatetemeka mwili mzima. Anaogopa kuingia. Anasema mtamtukana."

Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta kijana amejikunyata chini ya ukuta, jasho linamtiririka.

"Inuka, mdogo wangu. Dozi ya kaka yako ni kubwa kwako, ingekuua. Twende ndani daktari akupime, upate ya kwako."

Akanitazama kwa wasiwasi. "Hamtanitukana?"

"Nitakutukana ukiendelea kukaa hapo juani."

Akanyoosha mkono, nikamvuta.