Nakupa Mji

Salha anaketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, hospitalini anakofanya mazoezi ya uuguzi, anyooshe mgongo kidogo tu, na usingizi haubishi hodi, unamchukua na viatu vyake miguuni. Nje ni mchana wa Ufini, mchana ambao umekwisha kuwa giza. Simu ameikumbatia. Siku kadhaa sasa anapiga nyumbani Pangani azungumze na mama yake aliyemwacha mgonjwa, na kila akipiga mama amelala, au yumo bafuni, au katoka kidogo kwa jirani, mama ambaye tangu mwezi uliopita hata barazani hafiki. Salha si mtoto. Anajua kwao mwanafunzi aliye mbali hafikishiwi msiba mpaka amalize mtihani, na mtihani wake ni keshokutwa. Anaomba Mungu awe anakosea. Mlango wa kabati la nguo unafunguka wenyewe, na yeye, kwa kuwa hakuna wa kumzuia, anaingia.

Ndani ni barabara, na barabara ni wodi isiyo na mwisho, vitanda huku na huku vimetandikwa na havina watu, na kando ya vitanda inapita miji, kila mji na mwenzake chini yake kana kwamba umejitazama majini. Anatembea, anatembea, anajikuta palepale. Muuguzi anamjia, sare imepigwa pasi, na juu ya kola hapana uso, pako laini tu kama yai. Shikamoo, anasema Salha, maana adabu hata ndotoni haiachwi. Marahaba, mwanangu. Namtafuta mama yangu. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Watu wote mjini wanacho, mwenyewe tu ndiye hana. Jibu linamjia papo hapo, habari ya msiba, linamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akilitamka tu, mama yake amekufa. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Nakupa Helsinki, ndiko ninakosoma. Na Helsinki inazimika pamoja na theluji yake na darasa lake na Bi Kaisa, mwalimu aliyewafundisha kwamba mgonjwa na jamaa zake waambiwe ukweli wazi, usoni, ni haki yao. Siku ile Salha alinyoosha mkono, akasema kwetu habari mbaya haitolewi mbichi, hupikwa kwanza, anayepewa asije akapaliwa. Wenzake waliandika, wakaona ni hekima. Na yeye aliona ni hekima, sasa moshi wa jiko hilo unamwingia machoni. Anatembea, vitanda ni vilevile, asiye na uso ni yuleyule, kitendawili ni kilekile, na Salha anatoa Tanga, soko na stesheni na shule aliyosomea, anaitoa yote kama mtu anayetupa mizigo chombo kisizame. Pamebaki Pangani. Anaiona nyumba yao, kanga ya mama iko kambani, mbichi bado, na moyo unamruka, kwani nani kaifua? Kitendawili, anasema asiye na uso. Sitaki! analia Salha, niambie tu yu hai au hayupo, niambie kama wanavyoambiana Ufini! Helsinki umekwisha kuitoa, mwanangu, na ya Ufini yamekwenda nayo. Sema jibu, au nipe mji. Salha hasemi, hatoi. Anampita mbio, anaingia chumbani, mama kalala kajifunika mpaka kichwani, anamshika kifundo cha mkono kama alivyofundishwa, anatafuta mapigo, hayapo, hayapo, Mungu wangu, yapo! Yanatetemeka mkononi mwake.

Ni simu. Benchi, makoti, viatu. Ma'mdogo Hadia anampigia kwa picha, lakini hana uso. Kwenye kioo kuna boriti za dari na feni inayozunguka. Hujambo, mwanangu? Sijambo, ma'mdogo, shikamoo. Marahaba. Sisi hatujambo, wazima kabisa. Mama yuko wapi? Amelala. Nigeuzie simu nimwone. Amelala, Salha, maliza mtihani wako kwanza. Nyuma ya sauti yake Salha anasikia masufuria yakigongana, yale makubwa ya shughuli yanayoazimwa msikitini, na wanawake wengi wanaonong'ona. Nani anaolewa, ma'mdogo? Feni inazunguka. Ma'mdogo anapenga kamasi, anasema ni mafua tu, huku kuna mafua. Jibu liko palepale kooni, na Salha hajui kama kabati limemtoa au bado limemmeza.

Haya, ma'mdogo, anasema. Akiamka mama, mwambie nimempigia. Nitamwambia, mwanangu. Akiamka, anarudia Salha, na anajifinya mkono, anajifinya kwa nguvu zake zote, ili na yeye aamke.