Mama wa Kuigiza

Kazi ya kuugua kwa malipo ililetwa na jirani. Jirani huyo alikuwa mwigizaji wa kikundi cha maigizo, mwanamke asiyeweza hata kuomba chumvi bila kushika kifua, na ndiye aliyemwambia msusi kwamba chuo cha udaktari kinatafuta watu wazima wa kujifanya wagonjwa. Msusi alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Tangu lini mtu akalipwa kwa kuumwa? Wote aliowajua waliougua kweli, walilipa wao.

Hata hivyo alikwenda, na kazi ikamkolea. Chuo kilikuwa kimeanza mtindo mpya. Badala ya kuwapeleka wanafunzi wakajifunze kuongea kwa watu waliolala wodini na maumivu yao, walitenga chumba chenye kitanda, viti viwili na kioo kikubwa ukutani. Nyuma ya kioo darasa zima lilikaa likitazama na kusikiliza. Mwanafunzi mmoja anaingia, anazungumza na mgonjwa, kengele inalia, kisha mgonjwa anaacha kuugua na kumwambia huyo daktari mtarajiwa alivyojisikia. Hapo ndipo msusi alipopapenda. Alishaugua mgongo, alishaugua kisukari, na alishamwambia kijana wa watu, mbele ya wenzake wote, kwamba anauliza maswali kama askari aliyekamata mwizi wa kuku. Wanafunzi walimbandika jina la Bi Kifua, kwa jinsi alivyojua kukohoa. Siku za kazi alifunga saluni mapema, akavaa gauni zuri, akaenda kuumwa.

Jambo moja hakumwambia mtu pale chuoni. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alifia hospitalini siku aliyopelekwa kutolewa mafindofindo, operesheni ambayo watoto wa wenzake huamka wakilalamikia koo na jioni wakarudi nyumbani. Msusi alikuwa ameonywa kwamba mtoto asile wala asinywe kitu tangu usiku. Alfajiri mtoto akalia njaa. Yeye, kwa huruma yake, akampa chai, mafunda machache tu, na muuguzi alipouliza akajibu kwamba hajampa chochote. Baadaye muuguzi huyohuyo akatoka kumwambia kwamba mtoto amekata pumzi akiwa bado usingizini. Msusi akaanguka chini akakiri palepale: nilimpa chai, dada, je, ni ile chai? Muuguzi akatazama sakafu, akasema inawezekana. Daktari hakutoka.

Kwa hilo neno moja alijihukumu miaka yote. Alijijua kuwa mwanamke aliyemuua mwanawe kisha akadanganya. Mume wake, fundi seremala mpole, hakuwahi kuambiwa habari ya chai. Aliamini kwamba mkewe ameacha kuinywa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, hata akawa anamsifu kwa kujizuia. Hospitali ile msusi aliikwepa kama ukoma, lakini chuo hakikumtisha. Kilikuwa upande mwingine kabisa wa mji, na waliokufa humo walikufa kwa kuigiza, wakainuka wakanywa soda.

Siku yenyewe, daktari mwalimu aliwaita waigizaji ofisini kwake. Alikuwa mtu wa sauti laini na shati lililonyooshwa vizuri, aliyehamia chuoni kufundisha na kuupigania mtindo huu mpaka wakuu wake wakasalimu amri. Wanafunzi walimpenda kupita kiasi. Akaeleza kwamba somo la leo ni geni na zito: kumwambia mzazi ukweli pale hospitali yenyewe ilipokosea. Kosa lenyewe hakulitaja. Alisema waigizaji wakilijua mapema watajiandaa, naye anataka mshtuko wa kweli usoni.

Nafasi ya mama ilikuwa ya jirani, lakini jirani alikuwa amekaukiwa sauti kwa mafua, ikamwangukia msusi. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemuuliza. Ila aliona aibu kukataa bila kutoa sababu, na sababu hakutaka kuitoa. Akajiambia kwamba alishaigiza kisukari na sukari yake haikupanda.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa binti mrefu wa miwani. Alivuta kiti karibu, akazima simu yake mbele ya mama, akataja jina lake polepole. Huyu amelelewa, msusi akajisemea. Binti akasema analeta habari mbaya, akasema wazi kwamba mtoto amefariki, kisha akanyamaza ili mama alie. Msusi akatoa machozi yake ya kazi, ambayo hayakuwahi kumwangusha.

"Mama, kuna jambo ambalo ni haki yako kulijua," binti akasema. "Mtoto wako aliletwa kutolewa mafindofindo. Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri."

Machozi ya kazi yakakauka. Msusi akajikumbusha kwamba wanaotolewa mafindofindo ni wengi, kila mtaa una wake.

Binti akaendelea taratibu. Walikuwa wamefundishwa kumtaja mtoto kwanza, ili mzazi ajue kwamba waliomhudumia walimwona kuwa mtu. Akasema alikuwa mtoto mchangamfu. Alikataa kulazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akatembea kwa miguu yake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akawaambia wauguzi kwamba yeye si mzigo.

Maneno hayo msusi aliyasikia kwa masikio yake pale mlangoni, akayacheka, na hakuwahi kumsimulia mtu kwa sababu hakuweza kuyasema bila kulia. Sasa yalikuwa yakitoka kinywani mwa binti ambaye siku ile alikuwa bado msichana wa shule.

"Baada ya operesheni alipewa dawa ya maumivu," binti akasema. "Daktari aliyeipima alikosea. Alimpa mara kumi ya kiasi kilichotakiwa. Dawa hiyo ikizidi, mtu hulala usingizi mzito mpaka pumzi inasimama. Ni kosa letu, mama. Halikuwa lako wala la mtoto. Naomba radhi."

Msusi alimtazama mdomo wazi. Nyuma ya kioo bila shaka walikuwa wakimsifu, maana mshtuko wa namna ile haufundishiki. Alipouliza, sauti ilikuwa nyembamba, si ile ya Bi Kifua.

"Na kama alikuwa amekunywa chai asubuhi?"

Binti akababaika kidogo. Habari ya chai haikuwamo katika kisa alichopewa. Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, akafikiri, akajibu kama daktari.

"Hata kama alikunywa, mama, chai haikumuua. Ni dawa, na tuliipima sisi."

Kengele ikalia. Binti akashusha pumzi, akatabasamu, akasubiri kuambiwa alivyofanya. Kwa miaka yote hiyo msusi alikuwa amebeba hatia isiyokuwa yake, na sasa ametuliwa ghafla na mtoto wa watu anayedhani wanacheza. Hakujua kama anataka kumkumbatia au kupiga yowe. Akauliza tu kisa kile wamekitoa wapi.

Daktari mwalimu alikuwa ameshaingia akitabasamu, na darasa likaingia nyuma yake likajipanga ukutani. Swali lilimfurahisha. Akasema hivi ndivyo visa vinavyopaswa kuandikwa, kutoka katika maisha, na kwamba hiki ni cha kweli tupu. Kilimtokea yeye mwenyewe katika hospitali aliyokuwa akifanya kazi zamani. Dawa ile aliipima kwa mkono wake. Alisema anawafundisha kukiri kwa sababu yeye mwenyewe alikiri, na kwamba hakuna siku ngumu kuliko ile aliyokaa mbele ya yule mama.

Wanafunzi wakamtazama kwa heshima. Msusi naye akamtazama, akiitafuta sura ile katika kumbukumbu zake zote za siku ile, akaikosa.

Ni yule binti wa miwani aliyeuliza mama alisema nini alipoambiwa.

"Alilia sana," daktari akasema kwa ile sauti yake laini. "Kisha akanishika mkono. Akasema, daktari, najua hukukusudia. Nimekusamehe."

Binti alivua miwani akafuta macho. Kumbe msusi alikuwa amesamehe. Amesamehe katika simulizi ya daktari, miaka yote hii, huku yeye mwenyewe yuko saluni anasuka watu na kujiita muuaji.

"Mkono upi?" akauliza.

Daktari hakumwelewa.

"Nauliza alikushika mkono upi."

Daktari akacheka kidogo, akatazama mikono yake yote miwili, akasema ni zamani mno. Akageuka kuwaambia wanafunzi kwamba Bi Kifua hajatoka bado kwenye nafasi yake, na kwamba hilo huwapata waigizaji wazuri.

"Hakukushika," msusi akasema. Hakupaza sauti. "Alikaa kwenye benchi la nje mpaka jioni akikusubiri. Mimi ndiye yule mama. Sura yako nimeijulia hapa kazini."

Kicheko kilimbaki daktari mdomoni, macho yakiwa yameshakiacha. Alimtazama msusi kama mtu anayesoma kibao cha barabara gizani, akaona, na rangi yote ikamtoka usoni. Binti wa miwani aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameelewa alichokifanya dakika chache zilizopita, na kwamba hakuwa anaigiza.

Daktari akamwomba mama waende ofisini wakazungumze wawili, na wanafunzi watawanyike, somo limekwisha.

"Wabaki," msusi akasema. "Wewe keti hapo alipokuwa huyu binti. Niambie mwenyewe."

Binti akasogea pembeni. Daktari alikaa. Aliweka mikono magotini, akaitoa, akairudisha. Hatua zote za kukiri alizowafundisha, kuvuta kiti, kutaja jina, kunyamaza ili mzazi alie, zilimpotea. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa laini tena.

"Nilikuwa nyuma ya mlango," alisema. "Muuguzi nilimtuma mimi. Nilikusikia ukimuuliza kama ni ile chai." Akatazama sakafu. "Nikashukuru."