Picha ya Kihindi Mlangoni kwa Arvind

Mwaka ule walipopunguza watu reli, mjomba wangu Vitalis alikuwemo. Kwa kiinua mgongo, wenzake wengine walinunua mabati, wengine wakaongeza wake. Yeye akasema anarudi kwao, kijiji cha ndani huko Nachingwea ambacho hakijawahi kuona nguzo ya umeme, anaenda kufungua banda la video.

"Umeme utatoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye jua. Si ndo mnauza nyie?"

Kweli tulikuwa tunauza. Nilikuwa nafanya kazi kwa Arvind, mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Zamani duka lile lilikuwa la balbu na swichi tu, na balbu zenyewe mpaka upange foleni. Sasa makontena yalikuwa yanashuka kutoka Dubai na vitu ambavyo hata sisi wauzaji hatujui vinafanya nini. Mimi nilikuwa napenda hivyohivyo. Nikiona kitu kina skrubu, mkono unaniwasha.

Mjomba akaja Jumamosi, kavaa koti kama anaenda harusini. Arvind akamwekea inveta mbili kaunta. Inveta ni boksi tu: huku unaingiza umeme wa betri ya gari, kule unatoka umeme wa kuwasha tivii. Moja ilikuwa nyekundu, ina feni na taa tatu, imeandikwa wati 1000. Nyingine ya kijivu, mbaya kama tofali, imeandikwa 300.

Mjomba akadaka nyekundu.

"Kwa nini hiyo?" nikamuuliza.

"Elfu moja na mia tatu, kubwa ipi? We shule uliacha darasa la ngapi?"

"Nyanyua zote mbili kwanza."

Akanyanyua. Nyekundu ikapanda kama boksi la viatu. Ya kijivu ikamvuta bega.

"Sasa hiyo elfu moja imekaa wapi?" nikasema. "Kwenye rangi?"

"Bryson," Arvind akaita, "we unaniuzia au unaniharibia biashara?"

"Nauliza tu bosi. Tuifungue tuone ndani."

"Ukifungua umenunua."

Ndo sheria ya Kariakoo. Kujaribu ni balbu moja, ikiwaka lipa uende. Lakini balbu moja kila takataka inawasha. Mjomba anaenda kujaza watu bandani na kuwatoza kiingilio. Kitu kikimfia kule hakuna fundi, hakuna Arvind, na kiinua mgongo hakitolewi mara mbili.

"Basi tuweke picha nzima," nikasema. "Tivii, deki, betri. Ikifika mwisho tunanunua."

Arvind akacheka mpaka akakohoa. "Dukani kwangu unafungua sinema?"

"Umeme wenyewe wa mgao leo, wateja hamna. Unapoteza nini?"

Akafikiria, akavuta droo, akatoa kanda. "Ninayo hii tu, ya Kihindi. Masaa matatu."

"Ndo nzuri hiyo. Inayomaliza picha ya Kihindi inamaliza picha yoyote."

Betri Arvind alikataa isikae ndani, anaogopa asidi kwenye sakafu. Nikaiweka kibarazani, nikachukua nyaya nyembamba zilizokuja na ile inveta nyekundu, nikaziongezea waya wa spika zifike kaunta. Tivii ikawaka. Mtaa mzima hauna umeme, halafu kwa Arvind kuna muziki! Watu wakajaa: wapagazi, vijana wauza soksi, mama mmoja na ndoo yake ya vitumbua kichwani.

Steling ndo kwanza anakunja ngumi kumpiga adui, pap, giza. Harufu ya plastiki ikatoka kwenye ile nyekundu.

"Aaah! Rudisha hela!"

"Mmelipa shilingi ngapi?" Arvind akawauliza.

"Rudisha hivyohivyo!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa anawatazama wale watu nyuso zao, maana ndo hao hao atakaokuwa nao kule, tena wakiwa wamelipa.

Nikafunga ya kijivu palepale. Picha ikarudi, watu wakapiga makofi. Haikuchukua muda ikaanza kulia, piii, piii, ikazima.

"Na hii nayo mbovu," mjomba akasema. Akavua koti, akakaa kwenye kreti. "Basi. Nitalima ufuta kama wengine."

Mi kichwa kikanizunguka. Kelele ile inamaanisha betri imeisha. Betri ilitoka kuchajiwa asubuhi. Betri imeshiba, inveta inalia njaa. Chakula kinapotelea njiani? Nikaushika waya. Moto!

"Mjomba, shika hapa."

Akashika, akatoa mkono haraka. "Umeme unaishia kwenye waya?"

"Mwembamba, halafu mrefu. Hata ile nyekundu tungeifunga vizuri, kwa uzito ule isingefika mbali. Lakini hii ya kijivu tunaionea."

Nikakimbia mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea za magari, nikarudi na waya wa betri ya lori, mnene kama kidole, na fyuzi. Arvind akakubali betri iingie ndani, juu ya ubao, hatua moja kutoka kaunta. Nikakaza nati.

"Fyuzi ya nini karibu na betri hivyo?" mjomba akauliza. Sasa alikuwa amechuchumaa pembeni yangu.

"Nyaya zikigusana, betri hii inachomelea chuma. Banda lako la makuti. Bora ikatike fyuzi. Na ikiwa inachajiwa usivutie sigara hapo, inatoa hewa ya kulipuka."

Tukarudisha kanda mwanzo, maana watu walidai. Mjomba hakuangalia picha. Kila mara alikuwa anapeleka mkono kwenye waya, anautoa. Baridi. Steling akapigwa, akaimba, akampata mama yake aliyepotea, na yule wa vitumbua akajifuta macho na khanga. Ikaandika mwisho.

"Paneli moja ya jua inaurudisha umeme wa picha hiyo?" mjomba akauliza.

"Ya wati hamsini, jua la kutwa linarudisha picha moja fupi, ya kareti. Hii ndefu inataka paneli mbili."

Akamgeukia Arvind. "Ile tivii kubwa niliyokwambia, iache. Nipe ndogo, na paneli mbili, na hilo tofali." Kisha akaniambia, "Fungua nyaya zote. Nifunge mwenyewe."

Nikafungua, fyuzi nikaitia mfukoni. Akachukua waya mwekundu, akaupeleka moja kwa moja kwenye hasi ya betri. Nikampiga kofi mkononi, mtu mzima yule, mbele za watu.

"We mtoto!"

"Fyuzi ingekuwepo ungeshaiunguza. Nyekundu chanya, nyeusi hasi, fyuzi ya mwisho. Anza tena."

Akaanza tena. Mlangoni watu walikuwa bado wamesimama, wanauliza ya pili inaanza saa ngapi.